Kuhusu magazeti na picha tunazorusha humu kwenye grupu

Habari zenu wana-zabibu, wa Hombolo, Mpunguzi na nyie mlioko mjini. Siku hizi kabla hata chai haijachemka mtu kesharusha humu gazeti zima, pdf kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka michezo, jamani lile gazeti linauzwa na walioliandika wanategemea hiyo hiyo hela. Makala ikikugusa tuma linki, andika na mistari miwili mitatu kwa maneno yako imesema nini, sisi wavivu wa kusoma tutakushukuru 😂

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, nao wapo, na kusema "mimi nimetumiwa tu" haikuokoi. Habari yenyewe, mfano bei ya zabibu imepanda, haina mwenyewe, isemeni mpaka mchoke, ila maandishi na picha vina mwenyewe.

Sasa kilichoniudhi zaidi ni ile picha ya shamba la Makutupora, jina la mpiga picha lilikuwepo pale chini kwenye kona, mtu kalikata halafu kabandika namba yake ya simu anauza miche!! Hapana bwana. Mwombe mwenyewe, wengi wala hawakatai, na akikubali jina lake liache lilivyo. Au piga ya kwako, si simu unayo na shamba unalo?

Kuanzia leo nikikuta gazeti zima nafuta, msininunie. Na mwenye picha za majani yenye ukungu alizopiga mwenyewe azitume, bwana shamba anaziulizia.