Kaka yangu hajalewa

Mhariri,

Juzi saa tatu asubuhi, pale Mtoni kwa Aziz Ali, kondakta alimzuia kaka yangu mlangoni mwa daladala. “Mzee, asubuhi yote hii ushautwika?” Abiria wakacheka. Kaka hajawahi kuonja pombe. Ana ataksia ya kurithi, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mizani ya mwili, na ulimi umekuwa mzito. Kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kuonekana mlevi.

Kondakta simlaumu sana, maana kufanana huko kuna sababu. Kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, upo ubongo mdogo. Uzito wake ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote, lakini zaidi ya nusu ya seli za neva za ubongo zimo humo. Ndio unaosawazisha mwendo: mguu utue wapi, mkono uishie wapi, maneno yasigongane mdomoni. Pombe huuvuruga kwa saa chache, kisha mtu akalala akaamka mzima. Kwa kaka, seli za humo, zikiwemo kubwa ziitwazo Purkinje, zinakufa polepole na hazioti tena. Daktari alituonyesha picha ya MRI: ubongo mdogo umesinyaa, mikunjo yake imeachana kama majani ya kabichi lililonyauka. Nguvu za miguu anazo. Kinachopotea ni mizani.

Baba naye aliyumba hivyo hivyo, akianza na miaka 52. Kaka ameanza na 37. Ukoo ukasema ni jini la babu, na mbuzi wawili wakachinjwa Rufiji. Kumbe ni jeni, si jini! Jeni ni maagizo ya urithi ndani ya seli, yaliyoandikwa kama kwa herufi. Ndani yake herufi tatu, CAG, zimejirudia kupita kiasi, na marudio hayo yanaweza kuongezeka yanapotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ndiyo maana ugonjwa huwahi zaidi kizazi kinachofuata. Kila mtoto wa mgonjwa, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Mimi sijapima. Nina wanangu wawili, na bado naogopa jibu.

Dawa ya kuponya aina hii haijapatikana, ila mazoezi ya viungo yanamsaidia.

Wiki hii kaka amenunua mkongojo. Anasema angeweza kuvumilia miezi kadhaa bila huo, lakini makondakta wakiuona wanampisha kiti.

Msomaji,
Temeke, Dar es Salaam