Bunge lilizaliwa na kodi kabla ya mapinduzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Mwandishi ameyasimulia vizuri matukio ya mwaka 1789, ila amemwachia msomaji dhana ambayo hata vijana wetu wa kidato cha tano na cha sita hutoka nayo darasani, kwamba kabla ya mwaka huo wafalme wa Ulaya walitawala watakavyo, na kwamba chombo cha uwakilishi ni tunda la wananchi waliolivamia gereza la Bastille. Sisi wakazi wa Dodoma, ambao kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni tunaliona Bunge la bajeti kwa jinsi nyumba za kulala wageni zinavyojaa, tulipaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka dhana hiyo. Mabaraza ya wawakilishi yalitangulia mapinduzi hayo kwa miaka 600, na aghalabu yaliitwa kwa sababu ya fedha.

Mfalme wa Zama za Kati alitarajiwa kujiendesha kwa mapato ya mashamba yake mwenyewe na kwa ada za kimila alizopewa na makabaila waliokuwa chini yake. Gharama za vita zilipopanda, mapato hayo hayakutosha, ikambidi aombe. Mwaka 1188 Alfonso IX wa León, katika Hispania ya leo, aliwaita wawakilishi wa miji waketi pamoja na maaskofu na makabaila. Huko Uingereza, kifungu cha 12 cha Magna Carta, hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme, kilimkataza mfalme kutoza michango ya ziada bila shauri la pamoja la ufalme. Kifungu hicho kiliondolewa hati ilipotolewa upya mwaka mmoja tu baadaye, jambo ambalo wanaoisifia hati hiyo hupenda kulisahau, lakini desturi haikufa, kwani mwaka 1225 Henry III aliithibitisha tena hati hiyo na kwa upande wake akakubaliwa kodi ya sehemu moja ya 15 ya mali zinazohamishika. Mwaka 1295 Edward I, akiwa na vita na Ufaransa, aliita kikao chenye wajumbe wawili kutoka kila jimbo na wawili kutoka kila mji ulioitwa, na katika barua yake kwa maaskofu akanukuu kanuni ya sheria ya Kirumi isemayo kwamba jambo linalowagusa wote sharti likubaliwe na wote. Hakuwa mwanademokrasia hata kidogo. Alihitaji fedha, na alitambua kwamba kodi iliyoridhiwa hukusanyika kwa urahisi kuliko ya kunyang'anya.

Ufaransa nayo ilikuwa na Baraza la Matabaka matatu, yaani makasisi, makabaila na watu wa kawaida, ambalo Philip IV aliliita kwa mara ya kwanza mwaka 1302. Hapa ndipo palipo kiini cha hoja yangu. Baada ya kikao cha mwaka 1439, Charles VII alianza kutoza kodi iliyoitwa taille mwaka hadi mwaka ili kulihudumia jeshi la kudumu, bila kurudi tena barazani kuomba ridhaa, na makabaila hawakuwa na haraka ya kulalamika kwa kuwa wao wenyewe walisamehewa. Mfalme mwenye kodi ya kudumu hana sababu ya kuitisha kikao. Baraza hilo lilikutana mwaka 1614, kisha likakaa miaka 175 bila kuitwa.

Waingereza walishika njia nyingine, tena kwa ubahili. Mwaka 1625 wabunge walikubali kumpa Charles I ushuru wa forodha kwa mwaka mmoja tu, ilhali watangulizi wake walikuwa wakipewa kwa maisha yao yote. Mfalme alijaribu kutawala bila Bunge kuanzia mwaka 1629 hadi 1640, akatoza "fedha za meli", kodi ya kugharimia jeshi la majini, hata katika wilaya zisizo na pwani, na John Hampden alipokataa kulipa, saba kati ya majaji 12 wakampa mfalme haki. Ushindi huo haukumsaidia: vita kati yake na Bunge vilianza mwaka 1642, naye akakatwa kichwa mwaka 1649. Tamko la Haki la mwaka 1689 likaandika wazi kwamba kutoza fedha bila ridhaa ya Bunge ni kinyume cha sheria, na tangu mwaka huo Bunge la Uingereza limekuwa likikutana kila mwaka.

Tukirejea Ufaransa, kufikia mwaka 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali ilikwenda kwenye madeni, yaliyozidishwa na msaada kwa Wamarekani waliopigana na Uingereza. Waziri wa fedha, Calonne, alipendekeza kodi ya ardhi itakayomgusa kila mwenye shamba, na wakubwa walioitwa kuijadili mwaka 1787 wakaikataa. Ndipo Louis XVI akalazimika kulifufua Baraza la Matabaka, lililofunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789. Tarehe 17 Juni wajumbe wa tabaka la tatu walijitangaza kuwa Baraza la Taifa, na siku hiyohiyo wakapitisha azimio ambalo makala yenu haikulitaja kabisa: kodi zote zilizopo ni batili kwa kuwa taifa halikuziridhia, lakini ziendelee kukusanywa kwa muda, hadi siku ile Baraza litakapovunjwa. Maana yake ni kwamba mfalme akithubutu kuwatawanya, hakuna raia anayedaiwa kodi. Bastille ilivamiwa karibu mwezi mmoja baadaye.

Sitaki nieleweke kwamba Wazungu hawa walikuwa watakatifu. Walioridhia kodi kwa karne hizo zote walikuwa wanaume wenye mali, na mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika nchi yetu, Bunge la Berlin lilijadili matumizi ya makoloni ilhali mwenye nyumba ya Mpwapwa hakuulizwa chochote.

Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge, ambayo ni hoja ileile ya mwaka 1689. Hata hivyo Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, na mwanafunzi anayejua yaliyotokea tarehe 17 Juni 1789 ataona mara moja kwamba mizani imeelekezwa upande mwingine. Aidha, ibara ya 14 ya Tamko la Haki za Binadamu na za Raia, lililopitishwa Agosti 1789, haikuishia kwenye ridhaa: ilimpa raia pia haki ya kujua ulazima wa kodi na kufuatilia inavyotumika. Katika kufuatilia, naona sisi wasomaji na ninyi wanahabari tunalegea. Hotuba ya bajeti huchapishwa kurasa nzima, lakini ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hupewa siku mbili tatu za vichwa vikubwa vya habari kisha ikaachwa. Ninaomba mwaka ujao mtakapochapisha makadirio ya kila wizara, mweke pembeni yake kiasi ambacho wizara hiyo iliidhinishiwa mwaka uliotangulia, kiasi ilichopokea, na kile ambacho mkaguzi alikihoji.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kikuyu, Dodoma