Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Boti ya Alumini na Hali ya Michango

Waheshimiwa wazee washauri, wapendwa mama na baba, ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa kanuni za chama chetu cha wavuvi na wachuuzi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu, nina heshima ya kuwasilisha mbele yenu taarifa ya mwaka 2024. Kuhusu shughuli za kawaida sitawachosha, kwa kuwa mnazijua: tulizika wenzetu wawili, tulitembelea wagonjwa na mama waliojifungua, tulifanya salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kusafisha ufuko, na tulipokea wanachama wapya sita. Komite ilikutana kila ilipowezekana.

Jambo lililozungumzwa kuliko yote, hasa na wale wasiofika mikutanoni, ni boti. Naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu, ili mwenye kulisema tena aliseme akiwa analijua.

Mnakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka, barabara ya Goma na Minova ilipokatwa na vita, watu na mizigo walihamia ziwani, nasi tukaona bei ya kukodi mitumbwi ikipanda wiki hata wiki. Komite ikaona kuwa chama kinahitaji chombo chake cha kupokea sambaza alfajiri kutoka kwa wavuvi na kuwafikisha ufukoni kabla jua halijawa kali. Fundi aliyetuandikia bei ya mashua mpya ya mbao alitaka zaidi ya dola 1,100. Boti ya alumini ya mita tano, iliyokuwa imelala uani kwa mradi uliokwisha kufunga ofisi, ilipatikana kwa dola 280. Ndiyo, ilikuwa inavuja. Hakuna anayeuza boti isiyovuja kwa dola 280.

Nimesikia ikiitwa "sufuria ya mwenyekiti". Mwanachama mmoja, ambaye leo pia hayupo, alipendekeza tuiuze kwa kilo kwa wanaoyeyusha alumini na kusubu masufuria. Naomba ieleweke kwamba alumini hailiki kwa kutu kama chuma, kwa sababu ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba inayoikinga. Kinachoiua ni kukaa majini ikiwa imegusana na metali nyingine, na maji ya Kivu, yenye madini mengi kuliko ya maziwa mengi matamu, huharakisha jambo hilo. Tulipofungua ukuta wa nyuma unaobeba mota, tulikuta boliti za chuma cha kawaida, na kuzunguka kila boliti alumini ilikuwa imegeuka unga mweupe unaokwanguka kwa ukucha. Mbao ya ndani ilikuwa imeoza kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Lakini bati lenyewe la boti, kutoka pua hadi nyuma, lilikuwa zima. Hayo niliyasema siku ya kwanza, na yako kwenye kumbukumbu za katibu.

Jinsi tulivyotafuta matundu, wachache waliofika waliona wenyewe. Boti iliinuliwa juu ya magogo, vijana wakaijaza maji kwa bidoni, yaani madumu, nasi tukalala chini yake na chaki mkononi, kila tone lililojitokeza likazungushiwa duara. Bati lilikuwa halina tundu hata moja la kutisha. Maji yalitoka kwenye ribiti, yaani pini za metali zinazoshikanisha mabati ya boti, hasa safu mbili za katikati chini, ambazo zilikuwa zimelegea kwa miaka ya kupigwa na mawimbi na kuburutwa juu ya mawe.

Hapo ndipo palipozuka ubishi mkubwa, na hapo ndipo sikukubali kuyumbishwa. Baadhi ya wanachama walitaka tuipeleke kwa mchomeleaji wa milango na madirisha, aifunge yote kwa siku moja. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, nayo haiwi nyekundu kwanza ili kumwonya fundi, huku ile ngozi yake ya juu ikihitaji zaidi ya nyuzi 2,000 ili iyeyuke. Fundi aliyezoea chuma huona bati bado limesimama, kumbe chini ya ngozi limekwisha kuwa maji, na ghafla ana tundu la kupitisha ngumi. Kazi hiyo huhitaji mashine yake na gesi ya agoni, na joto lake lingelegeza hata ribiti za jirani zilizokuwa nzima. Wengine walileta ribiti za bastola, zinazofungwa kwa kifaa cha mkono kutoka upande mmoja tu, za bei rahisi. Zile za kawaida zina uwazi katikati, maji hupita humo, na kipande cha chuma kinachobaki ndani huanza tena ugonjwa uleule tulioutoa.

Kwa hiyo Komite iliagiza ribiti za alumini zisizo na uwazi ndani kupitia mfanyabiashara anayevuka mto Ruzizi kwenda Rwanda, na ndiyo sababu kazi ilichelewa. Hapakuwa na uzembe. Ribiti zilizolegea tu zilikazwa: mmoja nje anakandamiza pande la chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti, mwingine ndani anagonga mkia, pigo fupifupi, bila hasira. Zilizochakaa zilitolewa kwa drili, ambayo ni yangu, na sikudai chama kitu. Boti pia ilikaa uani kwangu miezi yote hiyo bila kodi, na mlinzi alikula kwangu.

Ukuta wa nyuma ulijengwa upya kwa tabaka mbili za tripleksi (mbao nyembamba zilizobandikwa pamoja) zilizounganishwa kwa gundi na kupakwa gundi hiyohiyo kila pembeni na ndani ya kila tundu. Mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, ambazo tulipewa karibu na bure, nilizikataa, kama nilivyoikataa rangi yenye shaba ya kuzuia mwani, kwa sababu shaba hula alumini kuliko hata chuma. Sifongo la zamani chini ya viti lilikuwa limenywa maji na kuwa zito. Tulilitoa na kufunga bidoni tupu zilizozibwa vizuri. Kuna waliocheka. Bidoni hizo ndizo zitakazoishikilia boti isizame ikijaa maji.

Baada ya ajali ya boti ya abiria iliyozama tarehe 3 Oktoba karibu na bandari ya Kituku, Goma, Komite iliamua kwamba boti hii haitabeba abiria kwa malipo, hata wakati wa sikukuu, hata kwa jamaa wa viongozi. Najua uamuzi huo haukuwafurahisha wote. Haubadiliki.

Sasa hesabu. Ununuzi dola 280. Ribiti, mastiki ya kuzibia, tripleksi, gundi, rangi na usafirishaji, vyote pamoja dola 395. Jumla dola 675. Fedha hizo zilitoka kwenye mchango maalumu wa boti, dola 215, kwenye kasha la kawaida, dola 310, na kwenye kasha la rambirambi, dola 150. Kuhusu hizo 150 nimeitwa majina. Zilikopwa kwa saini tatu, hakuna aliyefiwa akanyimwa, na zitarudishwa kadiri michango itakavyoingia.

Na michango haiingii. Tumeandikishwa 87, kila mmoja akiwajibika kutoa faranga 3,000 kwa mwezi, yaani tungepata faranga 3,132,000 kwa mwaka. Tulipata 1,260,000, karibu dola 442. Mkutano wa Agosti ulikuwa na watu wanane, na wawili kati yao walikuja kuomba mkopo. Leo tuko 31, na inaniuma kuona kwamba wengi waliouliza boti iko wapi hawakuja kuiona, ingawa iko hatua chache kutoka hapa. Iliwekwa majini Novemba na chini yake ni kavu, isipokuwa ribiti moja ya pembeni inayotoa machozi, ambayo fundi anaijua.

Kwa mwaka 2025 tunatumaini, Mungu akipenda na hali ya nchi ikiruhusu, kupata mota yetu badala ya kukodi, kuongeza jile za kujiokolea majini, na pengine kununua mzani wa pamoja. Wanaodaiwa zaidi ya miezi sita hawatapiga kura mchana huu. Mama mtunza hazina amekaa karibu na mlango na daftari lake; anapokea faranga na dola, ila noti za dola zilizochanika hatazipokea.

Mwenyekiti
Bukavu, Januari 2025