Nyeupe au buluu iliyokoza? Kwanza tuambie chumba kiko wapi

Siku hizi wateja huingia dukani na picha kwenye simu: ukuta wa buluu iliyokoza, kitanda cha mbao, taa ya manjano. "Nataka kama hivi." Kabla ya kufungua kopo lolote, sisi huuliza chumba chenyewe kiko upande gani wa nyumba.

Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3 basi. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, na mwanga mwingi huingilia kiwandani, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Msana, ule ukumbi unaoelekea kiwanda, hung'aa, lakini ndani kabisa ni kiza hata adhuhuri. Nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia. Buluu iliyokoza huumeza karibu wote. Ukiipaka chumba cha ndani, jiandae kuwasha taa mchana.

Msanani mambo hubadilika. Nyeupe kali huchoma macho jua likiwa utosini, na buluu hutuliza. Sisi tunapendelea kuta zibaki nyeupe, kisha migongo ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndiyo ipakwe buluu. Kopo dogo linatosha, na vyombo vya kaure vilivyopangwa humo huonekana vizuri zaidi.

Kuna na suala la chumvi, ambalo picha za simu hazilionyeshi. Ukuta wa mawe ya matumbawe hufyonza unyevu wa ardhini, na unyevu ukikauka huacha chumvi juu ya plasta. Kwenye nyeupe haisumbui sana macho. Kwenye buluu ni mabaka ambayo kila mgeni atayaona. Wengine hudhani rangi ya mafuta ndiyo dawa, kumbe inaziba ukuta, unyevu unakosa pa kutokea, na rangi inavimba na kubanduka. Plasta ya chokaa ipakwe chokaa. Inaweza kutiwa rangi ya unga, ila buluu yake itakuwa hafifu, haitakoza kama ya pichani.

Kama nyumba yako ni ya matofali ya saruji, isiyo na unyevu, na bado moyo uko kwenye buluu, nunua makopo yote kwa mkupuo mmoja, maana ikichanganywa tena huenda isilingane. Kabla ya hapo, chukua kwetu kipande cha ubao kilichopakwa, kiegemeze ukutani, ukitazame asubuhi, adhuhuri na usiku kwa taa yako mwenyewe. Ukirudi na vipimo vya kuta, tutapiga hesabu pamoja.