Malalamiko Kuhusu Gasketi ya Hedi ya Peugeot 504

Malindi

Kwa Meneja,
Kitengo cha Vipuri,
Mombasa.

KUH: GASKETI ISIYO YA INJINI YANGU, NA MANENO YALIYOSEMWA KUHUSU FUNDI WANGU

Bwana Meneja,

Dukani kwenu nilinunua gasketi ya hedi ya Peugeot 504, ile ya kuziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku yenye silinda. Haikuwa ya injini yangu. Ilituharibia kazi, na nilipopiga simu kulalamika, kijana wenu wa kaunta alinijibu kwamba fundi wangu hajui kufunga injini. Nadai pesa yangu, nadai gharama zilizotokana na gasketi hiyo, na nadai fundi wangu aombwe radhi. Nakala za risiti, picha na jumbe za WhatsApp nimeziambatisha.

Gari ni la marehemu baba yangu. Lilikaa bandani kwa miaka, na mnajua hewa ya Pwani inavyofanya bati: sakafu ilikuwa imeoza, imebidi ikatwe na kuchomelewa upya. Hiyo tumeimaliza na sina malalamiko nayo. Shida ni injini.

Injini yenyewe ni ya petroli, XN1, yenye ujazo wa sisi (cc) 1,971. Silinda zake zina upana wa milimita 88. Kuna ndugu yake, XM7 ya sisi 1,796, ambayo silinda zake ni milimita 84. Zote mbili zilifungwa kwenye 504, na zinafanana mno kwa nje. Ndiyo maana kabla sijatoa hata shilingi niliwatumia picha ya namba iliyogongwa kwenye bloku, na picha nyingine ya gasketi ya zamani ikiwa imelazwa kando ya rula. Jibu lenu ninalo mpaka leo: "Za 504 zote ni moja, tuma pesa." Nikatuma. Mzigo ukaja na basi, na kwenye boksi pameandikwa "Peugeot 504" tu, hakuna aina ya injini, hakuna kipimo.

Fundi akafunga. Nilikuwepo. Alisafisha uso wa bloku mpaka ukang'aa, akakaza boliti kwa spana ya kipimo kuanzia katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, na injini ilipokwisha kupata moto na kupoa akarudia kuzikagua. Iliwaka vizuri. Tulipolitoa barabarani, tumevuka daraja la Sabaki tunaelekea Mambrui, sindano ya joto ikaanza kupanda na injini ikawa inakosa nguvu, inatetemeka.

Hapo ndipo mlipotugharimu zaidi ya bei ya gasketi. Gasketi ilikuwa mpya, kwa hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kushukiwa. Tuliitoa thamostati, vali inayoachia maji ya rejeta injini ikipata moto, tukaichemsha kwenye sufuria ya maji kuona kama inafunguka, ilifunguka. Rejeta ikaoshwa. Feni ya 504 hushikwa kwa sumaku ya umeme injini inapopata moto, basi waya na swichi yake vikakaguliwa, vilikuwa sawa. Pampu ya maji haikuvuja. Fundi akaingiwa na hofu ya hedi yenyewe, maana ni ya alumini, na huku kwetu watu wengi wametia maji ya kisima kwenye rejeta, maji yenye chumvi, yakaila alumini polepole pasipo mtu kujua. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hedi ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Nililipa. Kwa kuwa gasketi iliyokwisha kubanwa haifungwi tena, mkaniuzia nyingine, ya boksi lilelile.

Shida ikarudi, na rejeta ikatoa mapovu. Safari hii fundi alipima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda: silinda ya kwanza na ya nne ziko juu, ya pili na ya tatu zimeanguka pamoja. Silinda mbili zinazopakana zikianguka hivyo, fundi yeyote anajua moto unapita katikati yake. Tukafungua. Kati ya ya pili na ya tatu palikuwa na mfereji mweusi, na ile pete ya chuma ya gasketi imechomoza ndani ya silinda pande zote, ukingo wake umeungua na kuliwa. Tulipima kwa venia, chombo cha kupimia milimita, mbele ya mashahidi: tundu la gasketi ni milimita 85 na ushei, silinda ni 88. Tundu za boliti zinaingiana, ndiyo sababu ilikaa bila kulalamika. Lakini pete ile ilipaswa kubanwa kati ya hedi na mdomo wa silinda. Hapa ilining'inia ndani ya moto.

Picha hizo niliwatumia. Mkasema fundi ndiye mbaya.

Bwana Meneja, fundi huyu ndiye aliyegundua kosa ambalo duka lenu lilikataa kuliona likiwa limeandikwa kwenye picha. Hapa mjini anaishi kwa jina lake. Mtu akisikia kwamba hajui kufunga hedi, gari haliletwi kwake tena. Neno lile lilinikera kuliko pesa.

Wala si kweli kwamba 504 zote ni moja. Ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson ilikuwa na injini ya silinda nne. Ile ya Jean-Pierre Nicolas ya mwaka 1978 ilikuwa ya milango miwili (coupé) yenye injini ya V6, silinda sita. Zipo na za dizeli. Anayeuza vipuri vya gari hili kwa jina la gari peke yake anabahatisha, na anayelipia bahati hiyo ni mteja. Sisi wenye magari ya zamani hatuna duka jingine karibu. Tukikosa kwenu tunaagiza Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, bila kukishika kitu mkononi. Tunategemea mkono wa muuzaji uwe mwaminifu.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie bei ya gasketi zote mbili na gharama ya kusawazisha hedi, kwa mujibu wa risiti. Mumpigie fundi simu mumwombe radhi. Namba yake mnayo. Na kuanzia sasa muulize namba ya injini kabla ya kupokea pesa, kisha muandike kipimo cha silinda kwenye boksi. Kalamu inatosha.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kulipwa fidia kwa hasara, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilingane na maelezo yaliyouziwa. Nawapa siku 14. Zikipita bila jibu nitapeleka dai langu kwenye Mahakama ya Madai Madogo, pamoja na gasketi zote mbili, ambazo nimezihifadhi kama zilivyotoka.

Wenu,
Mteja, Malindi