Mamlaka ya wakala katika uuzaji wa biashara

Mhariri,

Mwaka jana nililipa malipo ya awali ya kununua duka la vitenge Kariakoo kwa mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa mwenye duka, ambaye baadaye alikana kumtuma. Wengi waliniambia fedha zimekwenda, jambo ambalo si sahihi na linaumiza wanyonge.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humbana mwenye mali ikiwa maneno au mwenendo wake mwenyewe ndio ulionifanya niamini kwamba wakala ana mamlaka. Vinginevyo, asiporidhia tendo hilo, aliyejifanya wakala hulipa fidia mwenyewe.

Kuhusu kiasi, kifungu cha 73 hufidia hasara itokanayo na uvunjaji wa mkataba kwa mkondo wa kawaida, au ile ambayo pande zote zilijua, wakati wa kukubaliana, kuwa huenda ikatokea. Kanuni hii ilitamkwa Uingereza mwaka 1854, katika shauri la wenye kinu waliocheleweshewa kipuri, nao wakakosa faida waliyoidai kwa sababu msafirishaji hakuelezwa mazingira yao. Nami sikuandika popote kwamba nilitegemea mauzo ya Idi, hivyo faida hiyo niliyoikosa huenda nisifidiwe.

Msomaji wako,
Kariakoo, Dar es Salaam