Babu, ngano yetu hupitia huku

Novorossiysk, Januari

Babu, shikamoo.

Baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako na hayo magoti yako. Mama ameniambia kwenye simu kwamba kila siku unauliza huu mji wa Warusi kwenye Bahari Nyeusi ni bandari ya namna gani, na kwamba jibu langu la "ni kubwa, babu" halikutoshi. Haya basi. Leo darasa hakuna kwa ajili ya upepo, nimejifungia chumbani, na karatasi ninayo.

Nianze na huo upepo wenyewe. Wewe umezoea kaskazi na kusi, pepo zenye adabu, zinakuja kwa msimu na kuondoka kwa msimu. Huu wa huku unaitwa bora, ingawa wenyeji husema nord-ost. Nyuma ya mji kuna safu ya milima ya Markhot, wala si mirefu. Hewa ya baridi hujikusanya upande wa pili, ikishajaa inamwagika juu ya kilele na kuporomokea ghubani kwa kasi inayoweza kupita kilomita 140 kwa saa. Mabaharia hutazama mlima kwanza: wingu jeupe likilala pale juu, wanajua kazi imekuja. Na hapo, babu, usalama hauko gatini. Meli zinakata kamba na kukimbilia bahari kuu, kwa sababu upepo unarusha maji na maji yanaganda papo hapo kwenye kamba, milingoti na sitaha. Mwaka 1848 meli ndogo ya kivita iliyoitwa Struya ililemewa na barafu ya namna hiyo ikazama ndani ya ghuba hii hii, nanga ikiwa chini, na mabaharia wake wote. Nahodha akikosea kusoma mlima, dua peke yake haimtoshi.

Utaniuliza, sasa kwa nini wakajenga bandari mahali kama hapa? Kwa sababu ya kina. Bahari ya Azov iliyo jirani ni ya maji machache na huganda kipindi cha baridi. Ghuba hii ya Tsemes ina kina cha kupokea meli kubwa mwaka mzima, ukiondoa siku za huyo bwana mkubwa wa mlimani.

Tsemes ni jina la Wacherkesi, wenyewe wa pwani hii. Urusi ilipewa pwani na dola ya Uthmani kwa mkataba wa 1829, na 1838 wakashusha askari hapa na kujenga ngome. Vita na Wacherkesi viliendelea mpaka 1864, kisha wakafukuzwa kwao kwa malaki, wakapakiwa mashuani na melini kupelekwa Uturuki. Wengi walikufa wakingojea vyombo kwenye fukwe hizi, kwa njaa, baridi na maradhi. Maofisa watatu walioanzisha mji wana mnara wao, nimepita hapo mara nyingi. Wa wale waliongojea ufukweni mimi sijauona.

Mji ulipata uhai reli ilipofika, 1888. Hapo ndipo ngano ya Kuban, tambarare za kilimo za kusini mwa Urusi, ilipopata njia ya kutokea, na miaka michache baadaye likajengwa ghala refu la nafaka, kubwa kupindukia kwa enzi zile, mashine zake zikiendeshwa kwa umeme wakati miji mingi bado inawasha taa za mafuta. Milima nayo wakaanza kuichimba kutengeneza saruji, na mpaka leo wanaichimba.

Hii ngano ndiyo niliyotaka kukwambia hasa. Miaka mingi ya karibuni Urusi imekuwa ya kwanza duniani kwa kuuza ngano nje, na sehemu kubwa hutokea kwenye magati haya. Kenya hailimi ngano ya kujitosha, Narok na Uasin Gishu wakivuna wavunavyo, kwa hiyo meli inajazwa hapa, inapita Istanbul, Suez, Bahari ya Shamu, mpaka hapo Kilindini. Mwambie mama kwamba mahamri yake huenda yana ngano iliyopita mbele ya dirisha langu. Wala asipandishe bei kwa sababu hiyo.

Mafuta nayo ni mengi, lakini si yote ya Warusi. Kazakhstan haina njia ya bahari kuu, hivyo mafuta yake mengi ya kuuza nje husafiri kwenye bomba la kilomita 1,511 lililoanza kazi 2001, yakaja kupakiwa hapa jirani, pale Yuzhnaya Ozereyevka. Meli haigusi gati. Inafungwa kwenye boya kubwa mbali na ufuko na kunyonyeshwa mafuta kwa bomba la mpira. Wakazakhi kwa mji huu ni kama Waganda kwa Mombasa: mzigo wao, bahari ya mwenzao. Najua ukisikia bomba utaanza tena habari ya mafuta ya Uganda kupelekwa Tanga badala ya kuja kwetu. Tuliza roho, babu.

Vita mji huu umevijua. Juni 1918 mabaharia walizamisha manowari zao wenyewe humu ghubani, kwa amri ya Lenin, ili Wajerumani wasizichukue. Wajerumani wa vita vya pili waliingia 1942, lakini karibu na kiwanda cha saruji wakakwama, hawakuvuka, mpaka walipotolewa Septemba 1943. Mahali hapo limeachwa behewa la treni, limebaki mifupa ya chuma, limetobolewa risasi kila upande. Na vita vya sasa navyo vinafika: Agosti 2023 boti isiyo na mtu ndani iliipiga meli ya kivita karibu na bandari. Ving'ora huwa tunavisikia. Mengine si ya kuandika kwenye barua, ila nalala mbali na bandari, na mama asiambiwe zaidi ya hapo.

Nina swali, na mwalimu wangu wa upakiaji ameshindwa kunijibu. Huku ngano inateremka melini kwa mkanda na bomba, mtu anasimama na redio tu mkononi. Nyinyi zamani, meli ya ngano ikija Kilindini, mlikuwa mnaishushaje? Mlijaza magunia humo humo tumboni mwa meli, au yalikuja yameshashonwa? Na genge moja lilikuwa la watu wangapi? Mwambie Mama arekodi sauti yako anitumie, usimpe ufupisho.

Wasalimie wote, na jirani wa kahawa.

Ni mimi mjukuu wako.